Uzi: Kutoka kwenye helikopta ya manowari, mashua ya mvuvi wa Kizingitini inaonekanaje?

#1 Mtoto wa Langoni (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam aleikum. Uzi ni mrefu, asiye na nafasi apite tu, hatutagombana.

Ninaandika riwaya. Msicheke. Ni ya kijeshi: marubani wa helikopta wa jeshi la majini, manowari imesimama nje ya Kiwayu, huku Lamu, magaidi wameteka meli ya mizigo, kisha wamewashusha mabaharia watano ndani ya mashua ya mbao ili wawavushe mpaka wa Somalia kabla ya alfajiri. Usiku huo kuna mashua kumi na moja baharini. Zote za mbao, zote hazina taa. Rubani wangu yuko juu na mafuta ya dakika ishirini na tano. Achague moja.

Hapo ndipo nilipokwama tangu mwezi wa Shaabani.

Vitabu vya aina hii nimesoma vingi, vile vinavyoachwa na watalii kwenye nyumba za wageni kule Shela, kurasa zimegandana kwa mafuta ya kujipaka. Vyote vikifika hapo hufanya jambo moja. Shujaa anatazama kwenye kioo, anakunja uso, anajua. Anajua tu! Kombora linatoka, chombo kinapasuka, sura imekwisha. Mvuvi hayumo kabisa, na akiwemo ni mtu anayepiga mayowe kwa lugha ambayo mwandishi hakujisumbua hata kuitaja jina.

Mimi siwezi kuandika hivyo, kwa sababu mimi nimeshakuwa chini.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Tunatoka Kizingitini na ami yangu, mashua ya tanga yenye mashine ndogo ya akiba, samaki wako kwenye barafu, upepo wa kusi umeanza kulegea. Helikopta ikatokea upande wa bahari kuu. Ya nani sikujua siku ile na sijui mpaka leo. Ya kijivu, mlango wa ubavuni wazi, mtu ameketi nyuma ya bunduki. Ikashuka.

Watu wakisimulia husema kelele. Kelele si kitu, shida ni upepo. Maji yanachanika yanakuwa moshi, chumvi inakuingia hadi ndani ya kope. Tanga likajaa kinyume, foromali, ule mti unaobeba tanga, ikagonga mlingoti, chombo kikalala ubavu. Ami akanipigia ukelele niachie demani, ile kamba ya tanga, nikaachia. Halafu akasema, "Inua samaki!"

Nikamtoa nguru mmoja kwenye barafu nikamwinua juu ya kichwa kwa mikono miwili, nimefumba macho, maji ya damu yananitiririka mpaka kwapani. Nilisimama vile sijui muda gani. Nilipofumbua macho ilikuwa imeshakwenda zake, na tanga lina mpasuko wa pima nzima.

Ami alilishona siku mbili. Hakuwasema wale watu hata neno moja. Alilalamikia uzi tu, kwamba umepanda bei.

Sasa swali langu kwa mnaojua ndege: yule mtu wa mlangoni aliona nini? Na ingekuwa usiku, angeona nini?

#2 Chapati Mbili

Naweka kambi hapa. Chai ya tangawizi iko mezani.

#3 Fundi Panga

Mkuu, nimefanya kazi ya kufungua na kufunga injini za helikopta kwa miaka mingi, siku hizi nafuga kuku Malindi. Nikusaidie kwa ninayoyajua.

Kwanza nimeisoma sura yako ya tatu uliyoitupia humu mwezi uliopita, ile ndege ya kivita inatua kwenye manowari. Umeandika rubani "akapunguza moto taratibu akagusa sitaha kama shakwe". Hapana, bwana. Meli ya kubeba ndege ya Marekani ya aina ya Nimitz ina mita 330 na ushei, lakini sehemu ya kutua ni kipande tu cha hapo, na ndege inanaswa na waya wa chuma uliolazwa sitahani kwa kulabu iliyo mkiani. Magurudumu yakigusa tu, rubani anasukuma injini hadi mwisho. Ndiyo, anaongeza moto wakati anatua! Kwa sababu kulabu ikikosa waya, anahitaji nguvu ya kuruka tena papo hapo, la sivyo anaingia majini. Kuondoka nako, mtambo wa kurushia unaitoa ndege kwenye sifuri hadi zaidi ya kilomita 250 kwa saa kwa sekunde mbili hivi. Hakuna shakwe hapo.

Pili, ndege ya aina hiyo haifai kwa kazi yako. Haiwezi kusimama. Inapita juu ya mashua kumi na moja kabla rubani hajamaliza kusema bismillahi. Kazi ya kumtambua mtu baharini ni ya helikopta, hapo uko sawa.

Ila helikopta ya manowari ina tani zinazokaribia kumi ikiwa imejaa. Ili isimame hewani lazima isukume chini hewa ya kubeba uzito huo wote, na wewe ndiye uliyekuwa chini ya hewa hiyo. Nadhani rubani wako wa siku ile alishuka kwa sababu anataka kuona, na kwa kushuka akajinyima kuona, maana moshi wa chumvi unaousema unapanda mpaka kwenye kioo chake.

Usiku ni balaa jingine. Bila mbalamwezi, bahari na mbingu vinakuwa kitu kimoja cheusi. Mwili unamdanganya rubani: anahisi yuko sawa kumbe analala upande. Anafundishwa kuamini saa za vipimo zilizo mbele yake kuliko mwili wake. Na helikopta ikianguka majini hupinduka, injini ziko juu, uzito uko juu. Ndiyo maana marubani wa baharini hufungiwa ndani ya chumba cha chuma, kikazamishwa bwawani na kugeuzwa chini juu, watoke wenyewe, mara nyingine wamezibwa macho. Niliwahi kuongea na mmoja aliyepita mafunzo hayo. Aliniambia mpaka leo akiingia kwenye gari anashika kwanza kitasa cha mlango.

#4 Kamanda Kivuli

Hadithi ya nguru imenigusa, lakini mkuu usitufanye sote malaika. Septemba 2011 pale Kiwayu watu walikuja kwa boti usiku, wakamuua mgeni, wakamchukua mkewe hadi Somalia. Oktoba mosi mwaka huohuo wakamtoa mama wa Kifaransa, mlemavu, nyumbani kwake Manda. Boti ilifukuzwa, ndege ikaiona kutoka juu, risasi zikarushwa, na bado wakavuka naye mpaka. Akafia mikononi mwao. Rubani wa siku ile angefanya nini? Alipue boti yenye mateka?

Na maharamia wa Somalia walikuwa wanateka majahazi ya wavuvi kisha wanayafanya ndiyo meli mama ya kushambulia wengine. Yaani chombo ni cha mvuvi kweli, wavu ni wa mvuvi kweli, hata nahodha ni mvuvi kweli, ila ameshikiwa bunduki. Rubani si mjinga. Anaogopa kwa sababu.

#5 Mtoto wa Langoni

@Kamanda Kivuli umenena, na ndicho kinachonikosesha usingizi. Sitaki rubani mjinga, wala katili. Nataka rubani mzuri asiyejua.

Nimefuatilia lile tukio la Desemba 31, 2023 bahari ya Sham. Meli ya Maersk Hangzhou ilizingirwa na boti nne za Wahouthi wa Yemen, zikafika mita 20 kutoka ubavuni. Helikopta za Marekani zikaja kutoka kwenye meli za Eisenhower na Gravely. Boti zikazifyatulia risasi helikopta, helikopta zikajibu, boti tatu zikazama na ya nne ikakimbia. Kwa rubani hilo ni jepesi kulichagua, maana aliyekupiga risasi ameshajitambulisha. Sura yangu ya tisa, hii niliyokwama, hakuna anayempiga risasi. Vyombo vyote kumi na moja vimekaa kimya.

@Fundi Panga hiyo ya kitasa cha mlango naiiba, nisamehe. Sura ya tatu naifumua.

#6 Kaka Bandari

Kwani hiyo manowari ya nchi gani?

#7 Mtoto wa Langoni

Nimeificha makusudi ndugu yangu. Nikitaja nchi, uzi huu utahamia jukwaa la siasa kabla ya isha.

#8 Binti Ngomeni

Kaka, mimi nataka kukuonea wivu kidogo kwa neno moja. Umelitumia "rubani" mara chungu nzima na hujalitazama. Rubani kwanza alikuwa mtu wa bahari. Ni yule anayeijua njia ya maji, anayeshika chombo cha mgeni na kukipitisha penye miamba. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 hakuwa na njia ya kwenda India, akapewa rubani hapahapa, akavushwa hadi Calicut. Ndege zilipokuja ndipo Waswahili wakalipandisha neno hilo hewani. Kwa hiyo rubani wa helikopta ya manowari ni neno lililokwenda juu likarudi majini. Mimi ningekuwa wewe ningelitia mdomoni mwa mtu katika riwaya.

Jambo la pili. Kama unatafuta mahali pa kumalizia vita, acha Kiwayu, njoo kwetu Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Kuna yale majukwaa ya chuma ya Waitaliano yaliyosimama majini katika ghuba ya Ngwana, San Marco na mwenzake Santa Rita. Hapo ndipo iliporushwa setilaiti ya Uhuru, Desemba 12, 1970, siku ya sherehe ya uhuru wa Kenya, ndiyo maana ikaitwa hivyo. Setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei angani. Roketi ya mwisho ilirushwa 1988. Tangu hapo ni miguu ya chuma na kutu. Usiku ukipita karibu kwa ngalawa unasikia maji yanapiga ndani ya zile nguzo kama mtu anayegonga mlango. Magaidi wako wakijificha pale, nani atawaona?

#9 Chapati Mbili

Binti Ngomeni ameua. Chai ya pili.

#10 Kamanda Kivuli

Jukwaani sawa, ila makomando watafikaje? Usiwashushe kwa kamba kutoka helikopta kila mara, imechosha. Machi 2024 Wahindi walipoikomboa meli ya Ruen iliyotekwa na maharamia wa Somalia, ndege kubwa ya mizigo ya C-17 iliruka kilomita 2,600 kutoka kwao ikadondosha makomando na boti zao baharini. Meli ya kivita INS Kolkata ilikuwa tayari pale inawabana. Saa 40 za kuvutana, maharamia 35 wakasalimu amri, mabaharia 17 wakatoka wazima. Msikilize vizuri: saa arobaini. Riwaya zenu zinamaliza kila kitu kwa dakika nne.

#11 Fundi Panga

Na bahari yenyewe imuue mtu angalau mara moja kwenye kitabu chako. Januari 2024, wanajeshi wa kikosi maalumu cha majini cha Marekani walikuwa wanapanda jahazi usiku nje ya Somalia, jahazi lililobeba vipande vya makombora. Mawimbi yalikuwa makubwa. Mmoja aliteleza akaanguka, mwenzake akaruka kumfuata. Wote wawili hawakupatikana. Hakuna aliyewapiga risasi. Desemba ya mwaka huohuo ndege ya kivita ya Marekani, F/A-18, ilitunguliwa na manowari ya upande wake mwenyewe, Gettysburg. Watu wawili waliokuwamo waliruka kwa miavuli wakapona. Kama meli yenye rada zote zile inaweza kumkosea rafiki yake, sembuse mashua ya Kizingitini ambayo haina hata redio.

#12 Mzee Kizingitini

Mjukuu ndiye anaandika, mimi nasema. Nimesomewa yote tangu juu.

Mwanangu, hilo swali lako la mashua kumi na moja ni swali dogo. Umekosa kuuliza watu wa chombo, umeuliza watu wa ndege.

Chombo chenye samaki kinafuatwa na ndege, hawa wa manyoya. Asubuhi utawaona shakwe nyuma yake. Chombo kisicho na samaki hakifuatwi. Lakini wewe unasema usiku, basi hilo liweke.

Mvuvi wa jarife usiku ameshamwaga wavu, amefungwa nao. Hawezi kukimbia hata akitaka. Kinachokimbia hakina wavu majini. Ila usimuue, pengine hana leseni tu.

Tena kila chombo cha kulala baharini kina jiko. Sanduku la mchanga, makaa, sufuria ya wali, buli la chai. Watu wanaoficha jambo hawawashi jiko, wanaogopa mwanga.

Na la mwisho. Samaki ni mzigo uliolala. Watu ni mzigo unaotembea. Ukiwatia watu watano ngamani, chini tumboni mwa chombo, wamefungwa, hawajui bahari, wanatapika, wanahamia huku na huku. Bahari ikiwa shwari kama kioo, chombo hicho kitakwenda mrama, kiyumbe ubavu huu na ubavu huu, peke yake. Mimi hukiona hicho nikiwa pwani kabla sijaona uso wa mtu.

#13 Mtoto wa Langoni

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara tatu. Niko barazani nimeduwaa.

#14 Fundi Panga

Shikamoo mzee. Wakuu, hili la jiko ni dhahabu. Helikopta za majini zina kamera ya joto. Haihitaji mwanga, inasoma joto la kitu. Jiko la makaa baharini usiku litawaka kwenye kioo kama nyota. Kwa hiyo rubani anatazama: vyombo kumi vina nyota, cha kumi na moja hakina. Umeshapata sura yako!

#15 Mtoto wa Langoni

Ndivyo nilivyofikiri na mimi kwa nusu saa nzima, nikafurahi, nikanunua mahamri. Halafu nikakumbuka.

Kwa miaka kadhaa sisi Lamu tulizuiwa kuvua usiku, kwa ajili ya usalama. Mnajua njaa haisomi tangazo. Waliotoka walitoka kimya, na kitu cha kwanza walichojifunza ilikuwa kumwagia maji jiko wakisikia mlio wowote angani. Ami yangu alikuwa na kopo maalumu la kazi hiyo, la maziwa ya watoto, limejaa maji, liko karibu na jiko saa zote. Mlio ukisikika, shwaa. Wali unabaki mbichi, mnautafuna hivyohivyo.

Kwa hiyo rubani wangu akikaribia, nyota hizo zitazimika moja baada ya nyingine mbele ya macho yake. Kumi zote. Watu wasio na hatia wanafanya kile hasa anachofanya gaidi, na wamejifunza kukifanya kwa ajili ya gaidi huyohuyo.

Hiyo ndiyo sura ya tisa. Sasa ninayo.

#16 Kamanda Kivuli

Daah. Kinabaki cha mzee, mrama.

#17 Binti Ngomeni

Na nani ndani ya helikopta atajua maana ya mrama? Rubani wako wa kigeni kakulia wapi?

#18 Mtoto wa Langoni

Kuna afisa wa Kenya, Athumani, amepandishwa kama mkalimani, mtoto wa Faza kwetu Lamu, tangu sura ya kwanza anatapika tu na kuchekwa. Nilikuwa sijui nilimtia humo kwa nini.

@Fundi Panga nisaidie jambo moja la mwisho. Samaki aliyetoka kwenye barafu, kwenye kamera ya joto anaonekanaje?

#19 Fundi Panga

Kamera nyingi unaweza kuziweka joto lionekane jeupe. Mikono na uso vitakuwa vyeupe. Samaki wa barafu atakuwa mweusi tii. Utaona kama mtu ameinua shimo.

#20 Mtoto wa Langoni

Basi nimeandika usiku kucha. Kipande kidogo hiki hapa, kingine mtakisoma kitabu kikitoka inshallah.

*Nyota ya mwisho ikazimika. Kioo kikabaki na vivuli kumi na moja vya kijivu.*

*"Wote wamezima," alisema rubani. "Wote ni wao."*

*"Wote ni wavuvi," alisema Athumani.*

*"Wavuvi hawazimi moto."*

*Athumani hakujibu. Alikuwa amesogeza uso mpaka pua inagusa kioo. Chombo cha saba kutoka kushoto kilikuwa kinakwenda mrama. Bahari shwari, upepo hakuna, vyombo vingine vimetulia kama vilivyopigwa misumari, na hiki kinalala huku, kinalala kule, kama mtu asiyepata upande wa kulalia.*

*"Sogea pale. Usishuke. Ukishuka utakipindua."*

*"Mafuta ya dakika kumi na moja."*

*"Sogea."*

*Walipopita juu ya chombo cha tatu, mtu mdogo alikuwa amesimama omoni, mbele kabisa ya chombo. Mweupe mwili mzima, mikono juu. Na juu ya mikono, kitu cheusi, kirefu, kinachodondosha matone meusi usoni pake.*

*Mtu wa mlangoni akaweka kidole. "Ana nini yule? Ameshika nini?"*

*"Nguru," alisema Athumani.*

#21 Chapati Mbili

Sina chai tena. Lete kitabu.

#22 Mzee Kizingitini

Kizuri. Lakini umemwandika amesimama omoni. Chombo kimemwaga wavu, kamba ya jarife iko omoni, hana pa kuweka mguu hapo. Mrudishe tezi, nyuma.

#23 Mtoto wa Langoni

Nimemrudisha, mzee.